Umeme Uliobaki Ndani

Miguu ya fundi ilikuwa imechomoza chini ya meza, ndara moja imemvuka. Sauti yake ilitokea huko huko gizani.

"Nani alikwambia uizime na kuiwasha tu, bi mkubwa? Mashine hii sijawahi kuiona, lakini ugonjwa wake naujua. Ni kaidi. Ukiizima kwa kubembeleza, itaamka na ukaidi wake uleule."

Alichomoa waya wa kompyuta ukutani. Akachomoa wa skrini, wa printa, mpaka wa spika. Hakubakisha hata mmoja.

Mwenye nyumba, mwanamke mwenye mvi, alisimama kando ya meza ya chakula. Sahani mbili zilikuwa zimefunikwa. Binti yake alichungulia mlangoni.

"Amekubali kula?"

Mama alitikisa kichwa. Binti akaondoka.

Fundi alitoka chini ya meza, magoti yakilia. "Sasa bonyeza kitufe hiki cha kuwashia. Kishikilie. Hesabu mpaka thelathini."

"Waya si umeshatoka?"

"Umetoka, lakini ndani kuna umeme umebaki. Kidogo tu. Huo ndio unaoikumbusha ujinga wa jana. Ukiumaliza, mashine inasahau kila kitu, inaamka mpya kama mtoto."

Mama alibonyeza. Alianza kuhesabu kwa sauti, akaishia kumi na saba. Fundi akamhesabia zilizobaki.

Alipochomeka waya, kompyuta iliwaka bila kusumbua. Fundi alipiga kofi moja la furaha.

"Mimi mashine haijawahi kunishinda. Kamuulize mke wangu."

"Mkeo anajua kompyuta?"

"Hajui hata kuiwasha. Anajua mdomo. Akianza yeye, redio inanyamaza." Alicheka peke yake, halafu akashika kola ya shati lake. "Lakini tazama hii. Nani mwingine anapiga pasi hivi?"

Mama aliitazama kola. Alisema ni kweli, imenyooka.

"Fundi, kula kwanza. Tangu juzi..." Alijikatiza. "Asubuhi nzima unafanya kazi na tumbo tupu."

"Hapana."

"Kijiko kimoja tu."

"Bi mkubwa, mumeo simwoni hapa. Nikae mezani kwake, nile chakula chake? Akiingia nitamwambia nini, natengeneza sahani?"

"Basi nikufungie, uende nacho."

"Nikaseme nani kapika?" Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Mke wangu hali mpaka nirudi. Tangu siku ya kwanza tuko hivyo. Nikishiba huku, yeye anashinda njaa kule. Mimi si mwanaume wa namna hiyo."

"Sijasema wewe ni wa namna hiyo."

"Basi niache niende."

Alichukua bisibisi yake, akatoka. Shati lilimpwaya mabegani. Mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa tundu jipya, na ncha yake ndefu ilining'inia ubavuni.

Geti lilikuwa na kufuli. Alilitikisa kwa mkono mmoja, kisha kwa yote miwili.

"Nifungulieni! Kuna mtu ananingoja!"

Binti alimfikia mama yake barazani, sahani mkononi.

"Mama, leo siku ya tatu hajala. Tutamzika hivi hivi tukimtazama. Kwa nini usimwambie baba kwamba mkewe ni wewe?"

Mama hakuyatoa macho getini.

"Nilimwambia jana," alisema. "Akaniambia nikome kujifananisha na mke wake."