Chupa za Juu ya Bati

Baada ya kuipima kwa darubini kwa miaka saba, Zamoyoni aliifuta sayari yake kwenye orodha ya zile zinazoweza kuwa na uhai. Nyota inayoiangaza inaimwagia mionzi mikali mno ya urujuanimno, ile isiyoonekana ambayo hata jua letu huitoa. Hakuna kiumbe ambacho kingepona.

Akarudi nyumbani akiburuta miguu. Mama yake alikuwa akiteremsha chupa za maji ya kisima alizoanika juu ya bati tangu jana.

"Haya, umewapata watu wako?"

"Sikuwapata, mama. Jua la huko kali mno."

"Pole, mwanangu. Kunywa maji. Jua la kwetu limeshaua vijidudu vyote humo."

Zamoyoni aliinua chupa kwenye mwanga. Maji yalikuwa maangavu, yametulia, hayana chochote kilicho hai. Alikuwa na kiu, lakini alibaki ameishika tu.