Mchunga Nguruwe wa Fenwick

"Hata leo?" Kezia aliuliza, huku akimkazia Thaddeus tai kuliko ilivyohitajika.

"Leo tu, Kezia. Nikishapata kiti cha Bunge la jimbo, kesho utakaa sebuleni."

"Tangu Krismasi naambiwa kesho, bwana wangu," akasema, akarudi jikoni kwenye sufuria zake.

Thaddeus Pike alikuwa amewauzia majiko ya chuma nusu ya watu wa Fenwick, na kila mteja alimwambia maneno yaleyale: hili nimekuwekea wewe tu. Siasa nayo akaiendesha vivyo hivyo. Mjane Lovina Tuttle, mwenye kaka chungu nzima, aliambiwa kwamba Thaddeus ni mpweke na nyumba ni kubwa. Mjane Huldah Crane, mama wa vijana wanne, akaambiwa hayohayo. Wote wawili walishaanza kushona magauni. Kura za makaka na za vijana zilikuwa mfukoni mwake, mradi ndoto za wajane zidumu mpaka jioni.

Mkutano wa mji ulifunguliwa, kama kila Machi, kwa vyeo vidogo; kura ya kiti cha Bunge ingefuata jioni. Wanaume walijaa chini. Wanawake, ambao kura hawakuwa nayo, walikaa juu roshani.

"Mchunga nguruwe!" mwenyekiti akatangaza. Kazi yenyewe ni kukimbizana na nguruwe wanaozurura, na tangu enzi za mababu hutwishwa bwana harusi mpya, ili watu wapate kucheka. "Haya, nani kaoa majira haya ya baridi?"

Watu wakatazamana.

"Basi mwaka huu watajichunga wenyewe," Thaddeus akasema, na ukumbi ukaangua kicheko. Jamani, kuchekesha watu alijua. Kule juu wajane wote wawili wakamtabasamia, kila mmoja akidhani anatazamwa yeye.

Nyuma yao Kezia akasimama, aproni bado kiunoni.

"Hao nguruwe mpeni bwana wangu."

Watu wakazidi kucheka. Maskini mpishi wa watu, hata desturi ya mji haijui! Thaddeus peke yake ndiye aliyeacha kucheka.

"Kezia, keti chini," akasema kwa sauti ndogo.

Kezia akafungua aproni taratibu, akaikunja, akaiweka kwenye kiti.

"Si bwana wa kazi," akasema. "Wa ndoa."