Bipu ya Asubuhi

Jogoo hajamaliza kuwika, Eunice alikuwa ameshapanda kichuguu cha nyuma ya banda la kahawa, mahali pekee pa nyumba ile palipokamata mtandao vizuri. Alipiga, akasikia mlio mmoja, akakata haraka. Akaificha simu ndani ya khanga kama mwizi. Simu ilikuwa ya mama mkwe wake, Scolastika, na Scolastika walikuwa wamemzika tangu Majilio.

Simu yenyewe ilinunuliwa mwaka ule wanunuzi binafsi walipoigombea kahawa ya Mbinga. Scolastika na shoga yake Notburga wa Ngumbo, kule ziwani, waliosoma pamoja kwa masista, walipatana kila mmoja awe na yake. Kila asubuhi bipu moja, maana yake niko mzima. Kupokea marufuku, ukipokea unamlia mwenzako salio. Kabla ya hapo walikuwa wakitembeleana kila mwaka, huyu akishuka ziwani na maharage, yule akipanda na dagaa wa usipa. Simu zilipoingia, nani tena ahangaike na milima?

"Si ameshabipu?" Scolastika alikuwa akisema. "Basi yupo."

Alipofariki, Eunice alizuia hata tangazo la redio. Presha ya Notburga ilijulikana kuwa mbaya kuliko ya marehemu. Habari kama ile ingemwangusha pale pale. Basi akawa anabipu yeye. Kila asubuhi bipu ya ziwani ilirudi, naye kila asubuhi akazidi kuona aibu. Siku moja alichelewa kwa sababu ya homa ya mtoto. Simu ililia, ikakatika, ikalia tena, ikakatika, mfululizo. Maskini bibi wa watu! Eunice alikimbilia kichuguuni akabipu huku machozi yanamtoka.

Mwishowe alikwenda kuungama. Padri alimpa kitubio kigumu kuliko rozari: ashuke Ngumbo, akamwambie mama yule ana kwa ana.

Alishuka na lori la mizigo, mfuko wa maharage mapajani, akiyapanga maneno njia nzima na kuyapangua. Alimkuta Aurelia, binti wa Notburga, akianika usipa. Aurelia alipomwona aliangusha ungo.

"Wifi! Kuna nini huko? Mama Scolastika hajambo?"

"Mama yako yuko wapi, wifi?"

"Kaa kwanza upumzike. Nikuletee maji."

"Sikai." Eunice alikuwa ameshapiga magoti mchangani. Maneno yote aliyoyapanga yalimpotea. "Nisamehe, wifi. Mama mkwe wangu alishafariki, tangu Majilio. Bipu zote zile ni mimi. Niliogopa presha ya mama yako. Nakuomba tumwambie sote wawili, taratibu, asije akatufia mikononi."

Aurelia alikaa chini palepale kwenye usipa, mikono kichwani.

"Wifi yangu," alisema mwishowe, "mama tulimzika Pasaka iliyopita, kabla hata ya huyo wenu. Na sisi tuliogopa presha ya mama mkwe wako."