Masikio ya Nzanzu

Afande alipoingia chumbani kule Bwera, Nzanzu alikuwa amelala chali, na mkewe alikuwa akimpaka mafuta miguu iliyovimba. Nzanzu alikuwa na miaka thelathini na miwili.

"Inuka. Kesho wakubwa nakuja kambini Kasese. Utachekesha wao."

"Afande, huyu iko mugonjwa," mke akasema. "Figo ilikufa. Daktari alisema tumurudishe ku nyumba."

"Mimi hapana uliza daktari."

Enzi zake jukwaani, wachekeshaji wengine walivaa magauni na kuiga walevi. Nzanzu alikaa kwenye kigoda, akawapa watu mgongo, asiseme neno. Ukumbi ulinyamaza mpaka ukaanza kuudhika, ndipo sikio la kushoto lilipocheza, kisha la kulia, kama mbuzi anayefukuza nzi. Wengine walitoka wakitukana. Waliobaki walicheka hadi machozi.

Sasa, kitandani, alimtazama afande, halafu akajigeuza polepole, akaelekea ukutani.

Afande akashika mkanda wake, akangoja. Sikio la kushoto likacheza.

Afande akajizuia. La kulia likacheza. Hapo akaangua kicheko, akaketi ukingoni mwa kitanda, akajifuta macho kwa kofia yake.

"Tena," akasema. "Tena, bwana."

Masikio yalitulia. Mke alikuwa akiliangalia blanketi mgongoni mwa mumewe. Lilishuka, halikupanda tena.

Afande bado alikuwa akicheka. "Mbona hageuki?"

Mke akalivuta blanketi hadi begani.

"Anangojaka watu bamalize kucheka, afande."