Chungu Kimoja

"Mnakula chungu kimoja?" niliuliza, na mkubwa kati ya ndugu wawili waliokuwa uani akaacha kunoa panga.

Swali lenyewe halina makuu. Kila baada ya miaka michache narudi kwenye nyumba zilezile kuuliza kipato, ili ofisi yetu ya takwimu ipange kaya zote kuanzia maskini hadi tajiri na kuona kama kipato cha ile ya katikati kimepanda au kimeshuka. Na kwetu kaya ni wanaokula chungu kimoja. Basi.

"Kimoja," alisema mkubwa. "Andika kaya moja, dada. Mkuu wa kaya ni mimi."

"Mbili," alisema mdogo wake. "Ng'ombe nakamua mimi, maziwa nauza mimi, hela unashika wewe. Leo niandikwe peke yangu."

"Rudia."

"Mbili!"

Panga lilishuka. Mdogo alikinga kwa mkono, nikaona kidole gumba kikining'inia kwa ngozi tu, cheupe, kana kwamba damu yenyewe ilikuwa haijaamini. Kisha ikaruka hadi kwenye sketi yangu.

Mkubwa akainua panga tena.

Mama yao alikuwa hapohapo uani, akikoroga maharage. Alikiepua chungu motoni kwa mikono mitupu, akayamwaga maharage yote usoni mwa mwanawe wa kwanza, kisha akakibamiza chungu kwenye mafiga kikawa vigae.

Mkubwa alianguka akilia kama mtoto mchanga. Mama akanigeukia, viganja vimeanza kutoka malengelenge.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ulikuwa unauliza habari ya chungu."