Kishikizo cha Bluu

"Wanavaa nini?" kapteni aliuliza tena. "Nataka uhakika, fundi. Siingii mle ndani nikiwa kipofu."

Fundi cherehani alijifuta jasho kwa futi yake ya kupimia. Mkewe alikuwa mle ndani. Tangu saa tatu asubuhi watu wanne wenye bunduki, wanaume wawili na wanawake wawili, walikuwa wameishika zahanati pamoja na wauguzi wake kumi na mmoja. Sasa ilikuwa saa nane na nusu. Simu za wauguzi zilikuwa zimenyang'anywa, na madirisha yote yamefunikwa mapazia mazito. Mapazia hayo aliyashona yeye mwenyewe, akajisifu mtaa mzima kwamba hata jua haliyapenyi. Leo alitamani angeyashona kwa chandarua.

"Sare nyeupe," alisema. "Kola ya kijivu. Wote ni wanawake. Nimezishona kwa mkono wangu, kumi na moja, haikuzidi wala haikupungua."

"Na wagonjwa?"

"Hakuna, afande. Leo ni siku ya usafi. Asubuhi wanasugua sakafu, wagonjwa wanapokelewa kuanzia saa tisa."

Mlinzi wa geti, aliyetimua mbio hao watu walipoingia, alikuwa ameshaeleza kwamba walivaa nguo za kawaida tu, za mtu yeyote aendaye sokoni.

"Basi mwenye nyeupe ni wetu," kapteni alisema polepole, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. "Asiye na nyeupe si wetu."

Mpatanishi, mama wa makamo aliyeshinda na simu sikioni, aliinua mkono. "Wameomba maji, mwanangu. Anayeomba maji bado anataka kuishi. Nipe saa mbili tu."

"Wamesema saa tisa wanaanza kuua, mama."

"Walisema hivyo saa tano. Wakasema tena saa saba."

"Na safari hii wakitimiza?"

Mama alitazama simu yake, kisha akasema, "Risasi haina macho."

"Askari wangu wanayo. Na sasa wanajua nani ni nani." Kapteni alimgeukia fundi. "Mkeo yumo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Usimtwike mzigo huo!" mama alifoka.

Lakini mzigo ulikuwa umeshatua. Fundi alimkumbuka mkewe alfajiri, amesimama mlangoni na sare yake, anamnunia. Kishikizo cha juu kilikuwa kimekatika, na fundi, mwenye kopo zima la vishikizo, hakupata cheupe hata kimoja. Akamshonea cha bluu.

"Nitachekwa," mkewe alisema. "Fundi mzima! Na nimekwambia siku nyingi, sare moja moja haitoshi. Mngetushonea mbili mbili."

"Mwambie matroni, yeye ndiye aliyeagiza," fundi alijibu. "Na hicho cha bluu ni dawa. Nitakutambua kwa mbali."

Fundi alicheka, mkewe naye akacheka, akaenda zake. Hawakuagana hata kwa mkono.

"Ingieni," alisema, na sauti ikamkatika. "Nakuomba, afande. Ingieni kabla hawajamuua."

Kisha akaeleza habari za kishikizo. Kapteni alizisikiliza zote, akainua redio. "Sikilizeni. Nyeupe ni wetu, msiguse. Nguo nyingine yoyote, msisubiri. Na mwenye kishikizo cha bluu shingoni mtoeni kwanza, mumewe yuko hapa."

Fundi alitaka kumbusu mikono.

Askari walikuwa wameshajibanza ukutani pale vurugu ilipozuka kwenye kamba ya kuzuia watu. Dobi wa mtaa, mzee mbishi asiyesikia vizuri, alikuwa anasukuma baiskeli yake katikati ya wanajeshi. Nyuma ya kiti amefunga furushi kubwa ndani ya shuka.

"Rudi nyuma, mzee!"

"Saa tisa niliahidi, na saa tisa haijafika," dobi alisema. "Ahadi ni deni. Nimepiga pasi mpaka mgongo unaniuma." Akamwona fundi. "Fundi! Hebu waambie hawa. Wananisubiri mle ndani!"

Fundi alimwendea kwa hasira na kushika usukani wa baiskeli. Siku nzima alikuwa hana wa kumfokea, na sasa amepatikana.

"Huna haya, mzee? Mke wangu amewekewa bunduki kichwani, wewe unaleta mashuka!"

"Mashuka?" dobi alishangaa. "Mashuka gani?"

Mlango wa zahanati ulilipuka. Baiskeli ilianguka, na mzee akaanguka nayo. Risasi zilianza, fupi fupi, za watu wasiobahatisha. Fundi alipiga magoti akaomba kwa sauti, bila kuona haya.

"Mmoja chini," redio ilisema. "Wawili. Watatu."

Mama mpatanishi alifumba macho.

"Wanne chini."

"Alhamdulillahi," fundi alisema, machozi yakimtoka. "Wameisha. Wameisha, mama!"

"Wa tano chini," redio ilisema. "Wa sita."

"Wa sita?" kapteni alisema. Akaikazia redio macho. "Wa sita nani?"

Fundi aliinama kumwinua dobi. Shuka lilikuwa limefunguka vumbini, na nguo zimetawanyika, nyeupe, zenye kola za kijivu, bado zina joto la pasi. Ya juu kabisa ilikuwa na kishikizo cha bluu.