Kigoda cha Mzaliwa wa Kwanza

Rula alibisha hodi katika nchi ya watu akiwa amekumbatia kigoda. Safari nzima alikuwa amekipakata, akikataa katakata kukiweka na mizigo mingine.

"Kaka, watu watadhani tumekuja kuuza samani," dada yake alimnong'oneza.

"Wadhani watakavyo. Huyu tapeli namuumbua leo hii hii."

Jina la Rula alipewa mtaani. Alikuwa seremala kama baba yake, na hakuwahi kuamini kipimo mpaka apime mara mbili. Watu nao aliwapima hivyo hivyo.

Baba yao alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Chini ya randa, ndani ya sanduku la vifaa, walikuta barua yenye anwani ya mbali na mistari miwili kwa mwandiko wake: "Huko nina mtoto mwingine. Karakana isifunguliwe mpaka watoto wangu wote wakutane." Rula alikuwa amefanya kazi katika karakana ile miaka ishirini. Sasa alipita mbele ya kufuli kila asubuhi kama mpita njia, na roho ilimuuma.

Mwanzoni alitaka dada aende peke yake. Mama yao, bila kuinua macho kwenye nguo aliyokuwa akiishona, alisema, "Hapana. Wewe ndiye uende." Rula alivimba kichwa. Mzaliwa wa kwanza ni mzaliwa wa kwanza.

Mtego alikuwa nao mkononi. Baba yao alimtengenezea kila mtoto kigoda, na chini yake akachonga mikato mitatu ya patasi. Cha dada na cha mziwanda vilitoka ubao mmoja mweupe. Ukiviweka pamoja, mistari ya mbao ilitoka kwenye kimoja ikaingia kwenye kingine. Cha Rula pekee kilikuwa cheusi, kizito, na ukingoni kilikuwa na nusu ya fundo la mti lililopitiwa na msumeno. "Mkubwa hukatiwa ubao wake," alijigamba tangu utotoni, na kwa kuwa ngumi zake ndizo zilikuwa kubwa kuliko za wote, hakuna aliyembishia.

Mlango ulifunguka upana wa kiganja, mnyororo ukaushika. Jicho likawachungulia. Alikuwa mwanamke mwenye mvi kichwani na aproni yenye vumbi la chuma. Nyuma yake, kwenye ukuta mzima zilining'inia funguo. Alimsikiliza dada akieleza, lakini barua hakuitazama. Alikuwa akimtazama Rula.

"Una miaka mingapi?" aliuliza. Lafudhi yake ilikuwa ya kigeni.

"Nimekuja kuhoji, sikuja kuhojiwa!"

"Arobaini na mmoja," dada akajibu.

Mwanamke alifunga mlango. Mnyororo ulilia, kisha mlango ukafunguka wote. Ndani, nyuma ya pazia, mtu alikohoa.

Rula alimfinya dada. "Unasikia? Kuna mtu kafichwa. Halafu mtazame, mama mtu mzima kunishinda. Mimi ndiye wa kwanza. Umri wenyewe umeshamkataa." Akamgeukia mwenyeji. "Haya. Baba alikutengenezea nini?"

"Kigoda."

"Nani kakwambia?"

"Si umekikumbatia?"

Dada aliangua kicheko. Rula hakucheka. "Kilete basi, kama unacho."

Mwanamke aliingia nyuma ya pazia. Wakasikia minong'ono, na Rula akajiambia kwamba sasa wanapanga uongo wao. Alirudi na kitu kilichofunikwa kitambaa, akakilaza mezani miguu juu. Mikato mitatu ya patasi. Dada alijishika mdomo.

"Hata mimi naweza kuichonga hiyo," Rula alisema. Alikigeuza. Kilikuwa cheusi. Kilikuwa kizito. Alitoa futikamba akapima urefu, akapima upana, akapima tena. "Mmeiga changu."

"Tungekionea wapi?" Mwanamke alinyoosha mikono. "Nipe."

"Sikupi."

"Mpe, kaka," dada alisema taratibu. Hakuwa akicheka tena.

Mwanamke alikichukua kigoda cha Rula, akakiweka kando ya chake. "Kwenu hakuwaambia? Watoto wa mama mmoja aliwakatia ubao mmoja."

Alivisukuma mpaka vikagusana. Mistari ya mbao ilipita bila kukatika, na nusu mbili za fundo zikawa duara moja. Futikamba ilimponyoka Rula ikajikunja yenyewe sakafuni.

Mwanamke aligeukia pazia, machozi yakimtiririka.

"Mama, toka. Wamekurudishia mwanao."